Kunasa kivuli cha sayari ya HD 189733 b ukiwa Msimbati, pwani ya Mtwara

Sayari hii ya gesi inaizunguka nyota yake kwa siku 2.2 tu, na kila ikipita mbele yake, mwanga hupungua kama asilimia 2.4 kwa karibu saa 1 na dakika 50. Jicho halioni, kamera ya lenzi ya mm 200 kwenye stendi yenye mota ya kufuata nyota inaona.

Chagua Agosti, mvua hakuna. Karibu saa tano usiku nyota iko juu upande wa kaskazini. Ratiba ya sayari kupita mbele ya nyota hutolewa kwa saa za UTC (saa za kimataifa, nyuma ya zetu kwa saa tatu): 19:00 ni saa nne usiku Mtwara. Wengi hukosea hapa, wakakesha bure.

Vuruga fokasi kidogo, nyota iwe kiduara. Ikiwa kali, inaangukia pikseli chache na vipimo vinarukaruka. Piga RAW (faili ghafi ya kamera, isiyochakatwa), sekunde 30 kila picha, ukianza saa nzima kabla sayari haijaanza kupita na kumaliza saa nzima baada ya kupita.

Kisha, katika kila picha, gawanya mwanga wa nyota hiyo kwa wa nyota jirani isiyobadilika. Bila hivyo, kiwingu chembamba kitajifanya sayari. Na umande wa pwani ni mchawi: kagua lenzi kila nusu saa, maana ukungu nao hushusha mwanga polepole vilevile.