Mafuta mazito yakimwagika karibu na ziwa, anza hivi

Mafuta mazito ya boila yakimwagika hapa Kisumu usidhani yatakauka kama petroli, haya yanapaa hewani kidogo tu, mengine yanabaki yamenata kwa mawe, nyavu na boti miezi na miezi. Kwanza zima moto na sigara, vaa glavu, halafu ziba mtaro na mchanga kabla yafike ziwani. Sabuni ya unga weka mbali, haitoi mafuta, inayachanganya tu na maji ya samaki. Mwagia mchanga mkavu ama vumbi la mbao, ikishika chota uweke kwa drumu.

Yakishaingia majini usiangalie juu peke yake. Maji ya Nam Lolwe (Ziwa Victoria) hayana chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari, so mafuta yenye yangeelea Mombasa yanaweza kuzama pale ufuo wa Dunga, haswa yakishika mchanga. Mafuta yalipomwagika Mto Kalamazoo kule Marekani 2010 ilikuwa hivyo, sehemu nyepesi ikapaa, lami ikashuka chini. Mawimbi nayo yanayakoroga na maji mpaka yanakuwa uji mzito wa kahawia, ujazo unaeza fika mara 3 ama 4, kwa hivyo drumu moja haitoshi aki. Gugumaji lenye limepakwa mafuta litoe lote, na mapema upigie NEMA, mamlaka ya mazingira.