Mgonjwa wako kaambiwa operesheni ya kansa? Uliza haya kabla hamjasaini

Nilimuuguza mama mkubwa hapa Dodoma, tulimtoa Mpwapwa akiwa na uvimbe kwenye titi, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba operesheni ya kwanza tulisaini fomu bila kujua inafanywa ya nini. Tukarudi nyumbani tukijua kapona, ndugu wakaja kutoa pole, kumbe walichukua kinyama tu cha kupima. Kwa iyo swali la kwanza kabisa ni hili: daktari, hii operesheni ni ya nini?

Maana haziko aina moja. Kuna ya kuchukua kinyama kiende maabara kujua kama ni kansa na ni ya aina gani. Kuna ya kuponya, hii inafanyika zaidi kansa ikiwa bado iko sehemu moja, wanakata uvimbe na nyama kidogo ya pembeni ambayo ni nzima, na mara nyingi wanatoa tezi za jirani waangalie kama imeanza kutembea. Kwenye titi wanaweza kutoa uvimbe tu afu mgonjwa akapigwa mionzi, au wakatoa titi lote. Kuna pia ya kupunguza uvimbe usiotoka wote ili dawa au mionzi imalizie, na ile ya kumpa nafuu tu, mfano utumbo umeziba wanamtolea njia ya choo tumboni. Hii ya mwisho haiponyi kansa, ila mtu anakula, analala, maumivu yanapungua, msiidharau.

Mtaani utaambiwa kansa ikiguswa na kisu ikapata hewa inasambaa. Jamani si kweli, haisambazwi na hewa. Wengi wetu tunafika hospitali tumechelewa, tumeshazunguka kwa waganga, wakipasua wanaikuta imeshaenda mbali, lawama anapewa daktari.

Hatari zipo na uambiwe zote: kutoka damu nyingi, kidonda kuingia wadudu, mapafu kupata nimonia, nusu kaputi kumsumbua, kiungo cha jirani kuumia, na damu kuganda mguuni ikakimbilia kwenye mapafu, hiyo inaua. Akitolewa tezi za kwapani mkono unaweza kuvimba hata baada ya miaka, kwa iyo ulizeni mapema mazoezi ya mkono.

Kabla ya siku yenyewe semeni dawa zote anazotumia, aspirini, za sukari, za presha, na za kienyeji pia msizifiche hata kama mnaona aibu, nyingine zinafanya damu isigande vizuri. Kama anavuta sigara aache sasa hivi. Ulizeni mwisho wa kula ni saa ngapi na mfuate, yani hata uji usimpe kwa huruma, chakula kikipanda akiwa usingizini kinaingia kwenye mapafu. Ulizeni kama inahitajika damu, mtafute ndugu wa kuchangia mapema.

Mama mkubwa alitoka thieta na mpira ubavuni unaoshuka kwenye kichupa cha majimaji, nikamshonea kimfuko cha kanga akawa anakining'iniza shingoni, kesho yake akatembea nacho wodini taratibu akishika vitanda, manesi wanasema kutembea mapema kunapunguza damu kuganda. Kila asubuhi niliandika kwenye daftari majimaji yametoka kiasi gani na rangi gani, daktari alikuwa anaomba lile daftari kwanza.

Mkiruhusiwa, akipata homa, kidonda kikitoa usaha, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana, usisubiri siku ya kliniki, mrudishe hata kama ni usiku.

Na majibu ya kinyama mfuatilie wenyewe, muulize kama kingo za nyama waliyokata ziko safi, yani hazina kansa, maana hapo ndipo inajulikana kama anaongezewa dawa, mionzi au operesheni nyingine. Ombeni nakala. Sisi tulipopanda treni ya SGR kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, kwa mionzi ile karatasi ilikuwa kwenye pochi ya mama mkubwa, ndiyo waliyoiuliza mwanzo.