Cheni ikiruka mlimani, pima kabla ya kununua spea

Baiskeli ya kazi isiyo na gia za kubadilisha, iwe Phoenix, Hero au Avon, ikianza kuruka unapokanyaga mlimani na mzigo, wengi hukimbilia kununua cheni. Cheni mpya inafungwa, na baiskeli inaruka kuliko mwanzo. Cheni haina kosa. Imevishwa friwili (duara la meno la gurudumu la nyuma) iliyokwisha.

Anza na masikio na nyayo. Mlio unaorudi mara moja kwa kila mzunguko wa pedeli unatoka katikati: kotapini (pini inayoshikilia mkono wa pedeli kwenye ekseli ya kati), pedeli yenyewe, gololi za ekseli ya kati, au jino lililopinda la sproketi ya mbele (duara la meno la pedeli). Mruko unaorudi baada ya kila mizunguko miwili na nusu hivi ni pingili moja ya cheni iliyokakamaa, kwa sababu cheni ya pingili 112 kwenye sproketi ya meno 46 huchukua muda huo kumaliza duru yake. Hiyo haihitaji spea: itafute kwa kuzungusha pedeli kinyumenyume taratibu, itie mafuta, ipinde kushoto na kulia kwa vidole mpaka ilegee. Ikiruka ovyo kila ukitia nguvu, shaka ni cheni na friwili. Na pedeli ikikimbia mbele bila kuvuta kabisa, ndimi (vijichuma vya kung'ata) za ndani ya friwili hazing'ati.

Kupima cheni

Mafundi husema cheni imevutika. Chuma chake hakijavutika popote. Kilicholika ni pini na matundu inamozungukia. Vumbi likichanganyika na oili linakuwa tope la kusaga, na kila pingili inapata uwazi mdogo. Uwazi huo ukijumlishwa, cheni nzima inakuwa ndefu.

Fungua kava, kanyaga pedeli kidogo ili upande wa juu wa cheni ukazike, kisha weka rula. Sifuri ikae katikati ya pini, usipimie ukingo wa rola (kipete kinachozunguka pini) kwa sababu rola hucheza. Hesabu pingili 24. Cheni mpya inatoa milimita 304.8, yaani inchi 12 kamili. Chini ya 306, endelea nayo. Kati ya 306 na 308, ibadilishe sasa, na huenda friwili ikaokoka. Ikipita 308, nunua cheni na friwili pamoja.

Sababu yake ni hii. Cheni iliyorefuka hupanda juu ya meno na kuyachonga yafuate urefu wake. Cheni mpya, iliyo fupi, haikai tena kwenye mabonde hayo. Rola zake hupanda mgongo wa jino na kuteleza ukitia nguvu. Tazama meno ya friwili kwa upande: jino zima lina miteremko miwili inayofanana, lililokwisha limeinamia upande mmoja kama ndoana. Friwili ya meno 18 hufa mapema kuliko sproketi ya mbele ya meno 46, maana kila jino lake hukutana na cheni zaidi ya mara mbili na nusu kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa kawaida sproketi ya mbele huzeesha friwili kadhaa kabla ya kuchoka yenyewe.

Dukani taja upana: baiskeli hizi hutumia cheni ya inchi 1/8. Ile nyembamba ya 3/32 ni ya baiskeli za gia, haitaingia kwenye meno manene.

Friwili

Kama tatizo ni ndimi tu, usinunue kitu kwanza. Laza baiskeli ubavu wa kushoto, dondoshea mafuta ya taa kwenye ufa kati ya sehemu inayozunguka na iliyotulia, huku ukiizungusha, mpaka yatoke safi upande wa pili. Ikikauka, weka matone machache ya mafuta ya cherehani. Grisi usiweke, ndiyo inayogandisha ndimi. Ikiendelea kuteleza, huenda springi zimekatika. Kuifumua inawezekana, lakini ndani mna gololi ndogo tele na hesi (mikato ya skrubu) ya kifuniko ni ya kinyume. Kwa bei ya friwili, usumbufu huo hauna maana.

Kuitoa, ingiza kitoleo chenye meno yanayolingana na mapengo yake (mawili au manne), kibane kwa nati ya ekseli kisichomoke, kisha geuza kushoto. Itakuwa ngumu mno, kwa kuwa kila ulipokanyaga ulikuwa unaikaza. Ikishaachia nusu mzunguko, ondoa nati ndipo uendelee. Mpya ipake grisi kwenye hesi na uianze kwa mkono. Ikiingia mshazari, habu (kitovu cha gurudumu) imeharibika.

Loki ya cheni (pingili ya kuungia, yenye klipu): upande uliofumba wa klipu uelekee cheni inakokwenda. Kisha vuta gurudumu nyuma mpaka upande wa chini wa cheni uchezeke kama sentimita moja hadi moja na nusu, ukipimia pale inapokaza zaidi katika mzunguko mzima. Cheni iliyokazwa kama waya inamaliza gololi.

Kotapini

Ukisikia "ka!" pedeli inapopita juu au chini, shika breki, weka mikono ya pedeli ilale sawa, kandamiza mmoja. Ukisogea kabla ya mwenzake, kotapini imelika.

Legeza nati hadi ilingane na ncha ya pini, ili hesi isipondeke. Egemeza mkono wa pedeli juu ya kipande cha bomba kinachokanyaga ardhi, la sivyo pigo lote linaishia kwenye gololi. Piga mara moja kwa nguvu. Kugongagonga kunapanua ncha na pini haitoki tena. Pima unene wa ya zamani kabla ya kununua, nyingi ni milimita 9.5.

Pini mbili ziingie kwa mielekeo inayopingana: pedeli moja ikiwa mbele na nyingine nyuma, nati moja iangalie juu, nyingine chini. Zikiangalia upande mmoja, mikono haitakaa kwenye mstari. Gongelea kwa nyundo kwanza, nati ifuate. Ukitumia nati kuivuta pini, hesi itaharibika, maana chuma chake ni laini. Endesha kilomita 20 au 30, gongelea tena, kaza nati.