Likizo ya Kiangazi Chuoni: Mwongozo kwa Mzazi wa Mwanafunzi wa Sekondari Nchini Marekani

Kila mwaka, shule za Marekani zinapofungwa kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, vyuo vikuu vingi huwafungulia wanafunzi wa sekondari mabweni ambayo wanachuo wameyaacha wazi kwa likizo. Vijana hao hulala chuoni kwa muda ambao kwa kawaida ni wiki mbili hadi sita, husoma na kujadiliana mchana, hula katika bwalo la chuo, na hukaa chini ya uangalizi wa wasimamizi wanaoishi nao ghorofa moja. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, ziwe zimefika kutoka Kongo kwa njia ya ukimbizi au kutoka Kenya na Tanzania kwa kazi na masomo, hupata habari za programu hizi mwezi wa Mei, wakati nafasi zimekwisha kugawiwa. Nyingine hupata habari mapema, lakini kutoka kwa kampuni inayouza wiki mbili kwa maelfu ya dola. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia za namna zote mbili, na shauri lake kuu ni hili: tafuteni kwanza programu iliyo ngumu kuingia lakini haina malipo, kwa sababu ile inayompokea karibu kila aliyeomba kwa kawaida hulipisha sana, na kinachouzwa humo mara nyingi ni jina la chuo tu.

Anzeni na zisizolipiwa

Mahali pa kuanzia ni ofisi ya mshauri wa wanafunzi katika shule ya mtoto, na swali la kwanza la kumuuliza ni kama shule hiyo inahudumiwa na Upward Bound. Hii ni programu ya serikali kuu iliyotokana na Sheria ya Fursa za Kiuchumi ya mwaka 1964, nayo ni mojawapo ya programu zinazojulikana kwa jina la TRIO. Mara nyingi huendeshwa na chuo kilicho karibu na shule. Kijana husaidiwa masomo mwaka mzima, kisha wakati wa kiangazi huhudhuria madarasa ambayo kwa kawaida huchukua wiki sita, mara nyingi akiwa analala bwenini, na familia hailipi kitu. Sheria inataka theluthi mbili ya wanafunzi wa kila mradi wawe wanatoka katika familia zenye kipato kidogo na ambazo mzazi anayeishi na mtoto hana shahada ya kwanza. Waliobaki wanaweza kuingia kwa kutimiza sharti moja tu. Mradi unaruhusiwa pia kumpa mwanafunzi posho isiyozidi dola 60 kwa mwezi wakati wa kiangazi, kiasi ambacho hakiwezi kulinganishwa na mshahara wa kazi ya likizo, ila hutosha sabuni na nauli ya basi.

Wapo wazazi wanaodhani kwamba msaada wa aina hii ni wa raia peke yao. Sivyo. Mkazi wa kudumu anakubaliwa, na anakubaliwa pia mtu ambaye hayupo Marekani kwa kupita tu, mradi aonyeshe hati za uhamiaji zinazothibitisha nia yake ya kuwa mkazi wa kudumu. Kwa hiyo mkimbizi anayesubiri kadi ya kijani asijiondoe mwenyewe kabla ya kuuliza. Jambo jingine la kuangalia ni sehemu ya fomu inayouliza elimu ya wazazi. Diplome ya serikali anayopewa mwanafunzi wa Kongo amalizapo sekondari si shahada ya chuo, na mzazi anayeandika neno hilo bila maelezo anaweza kuhesabiwa kuwa amehitimu chuo kikuu, kisha mtoto akakosa nafasi iliyokuwa haki yake.

Baada ya hapo, ulizeni kama jimbo lenu lina shule ya kiangazi ya gavana. Utaratibu huu ulianza North Carolina mwaka 1963, na majimbo kadhaa yameuiga, kila moja kwa masharti yake. Kwa familia za Kikongo zilizoko Lexington na Louisville ninataja hasa Governor's Scholars Program ya Kentucky, iliyoanza mwaka 1983: wiki tano katika kampasi za vyuo vya jimbo hilo, kwa wanafunzi walio kati ya darasa la 11 na la 12, bila malipo, na baadhi ya vyuo vya Kentucky huwapa waliopitia humo ufadhili wa masomo. Lakini mwanafunzi hupitia shuleni kwake kwanza ili apendekezwe, na hapo ndipo watoto wetu wengi wanapoachwa, kwa kuwa wana alama nzuri huku mshauri hawajui hata kwa sura. Mzazi aende kumwona mshauri huyo mwezi wa Septemba, akiwa na mwanawe, na ataje jina la programu waziwazi. Kunyamaza kwa adabu, ambako kwetu ni heshima, ofisini huko huchukuliwa kuwa ni kutohitaji.

Zipo pia programu za kitaifa ambazo ushindani wake ni mkali. Telluride Association, iliyoanzishwa mwaka 1911, huendesha semina za kiangazi kwa wanafunzi wa darasa la 10 na la 11, hugharimia mafunzo, vitabu, malazi na chakula, na huwasaidia nauli wale wasioweza kuimudu; uteuzi wake hutegemea zaidi insha. Katika chuo cha MIT kuna Research Science Institute, ambayo tangu mwaka 1984 huwakusanya vijana wachache, wapatao 100 hivi, kufanya utafiti wa sayansi kwa wiki sita bila kulipia masomo wala malazi. Katika chuo hicho hicho kuna MITES, iliyoanza mwaka 1974, nayo pia haina ada, ila inahitaji uraia au ukazi wa kudumu. Kijana anayependa hisabati kwa dhati aangalie programu ya Ross, aliyoianzisha Arnold Ross mwaka 1957, au PROMYS ya Chuo Kikuu cha Boston. Hizi mbili zina ada, lakini hutoa msaada kwa wenye uhitaji, na maombi yake huambatana na maswali magumu ambayo mwombaji huyafanyia kazi nyumbani kwa muda mrefu. Asiache kuomba kwa sababu swali moja au mawili yamemshinda. Wanachotaka kuona ni jinsi anavyolishughulikia swali, kwa hiyo aandike hata njia alizozijaribu zikakwama.

Jueni mwenye programu ni nani

Programu kufanyika ndani ya kampasi hakumaanishi kwamba ni ya chuo hicho. Kampuni nyingi hukodi mabweni na madarasa wakati wa kiangazi, kisha hutuma nyumbani barua nzito yenye muhuri wa kung'aa, ikisema kwamba mtoto ameteuliwa kwa ajili ya kipaji chake cha uongozi. Majina huweza kupatikana katika orodha zinazouzwa, na barua kama hiyo inaweza kuwa imekwenda kwa maelfu ya nyumba. Nimewaona wazazi wakiichukulia kama tuzo na kuanza kuchangisha jamaa kanisani. Kabla ya kufika huko, angalieni kama anwani ya tovuti inaishia na .edu, kama zilivyo za vyuo vya Marekani, fedha zinalipwa kwa nani, walimu ni akina nani, na mwombaji anatakiwa kuonyesha nini ili akubaliwe. Kama kinachotakiwa ni kadi ya benki tu, mmeshapata jibu.

Vyuo vyenyewe pia vina programu za kulipia, na nyingine ni nzuri. Wiki mbili katika chuo cha Harvard kwa mwanafunzi wa sekondari huzidi dola 5,000, na Yale Young Global Scholars, ambayo pia ni ya wiki mbili, huzidi dola 6,000 japokuwa hutoa msaada kulingana na uwezo wa familia. Kuhudhuria hakumpi kijana ahadi ya kuja kupokelewa chuoni hapo baadaye, na mtu yeyote anayedokeza vinginevyo aogopwe. Iwapo masomo yanatoa alama rasmi za chuo, kumbukeni kwamba alama hizo hubaki kwenye rekodi, hata zikiwa mbaya, na kijana atatakiwa kuzionyesha atakapoomba chuo. Na kama mnawaza kumleta binamu yake kutoka Mwanza au Bujumbura, fahamuni kwamba Yale ina programu nyingine, Yale Young African Scholars, ambayo hufanyika barani Afrika kwenyewe na haitozi ada ya kushiriki, hivyo hakuna sababu ya kuitisha harambee ya dola 6,000.

Maombi

Kazi ya kuomba ni ya Oktoba hadi Februari. Tarehe nyingi za mwisho huangukia kati ya Desemba na mwanzo wa Februari, na majibu hutoka kati ya Machi na Mei. Mwalimu aombwe barua ya kumpendekeza mwanafunzi walau wiki nne kabla, na awe mwalimu wa somo linalohusika. Barua ya mchungaji au ya shehe ni njema kwa mambo mengine, lakini haiwezi kushika nafasi ya mwalimu wa hisabati.

Kijana aliyefika nchini miaka miwili iliyopita atakuwa na ripoti yenye madarasa ya kujifunza Kiingereza, na huenda alama za mwaka wa kwanza zikawa za chini. Fomu nyingi zina nafasi ya maelezo ya ziada, na hapo aandike kwa sentensi chache alifika lini, alisoma kwa lugha gani kabla ya hapo, na alama zimepanda vipi tangu wakati huo.

Insha ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko yote. Vijana waliotoka kambi za wakimbizi hushauriwa na watu wema waandike mateso yao, na matokeo yake ni kurasa zinazoomba huruma, zisizomwambia msomaji kijana huyu anafikiri namna gani. Aliyekulia Nyarugusu anaweza kabisa kuandika kuhusu Nyarugusu, lakini achague jambo moja aliloliona kwa macho na kulitafakari: foleni ya maji, kwa mfano, nani alipanga zamu, kwa nini watu walizikubali siku nyingi na kuzivunja siku nyingine, na yeye angependa kujifunza nini ili alielewe vizuri. Insha kama hiyo huonyesha akili ikiwa kazini, na ndicho wateuzi wanachokitafuta. Mzazi asiiandike, wala asimlipe mtu kuiandika. Kaka au dada aliyeko chuoni anaweza kuisoma na kuuliza maswali.

Kwa programu zenye ada, tayarisheni nakala ya fomu ya kodi ya 1040 na karatasi za mshahara za W-2, au barua ya msaada wa chakula kama familia inaupata. Ombeni msamaha wa ada ya maombi kabla ya kutuma fomu, maana baada ya kulipa ni nadra kurudishiwa.

Idhini, fomu na hofu za mzazi

Mtoto akikubaliwa, huja rundo la fomu za afya, chanjo, bima, picha na idhini ya matibabu, na kila moja hutaka sahihi ya mzazi au mlezi wa kisheria. Mtoto anayelelewa na baba mdogo au mama mkubwa ni mtoto wao kwetu, lakini chuo kitadai hati ya ulezi. Ulizeni mapema, kwa kuwa kupata hati hiyo mahakamani huweza kuchukua muda. Kama programu iko katika jimbo jingine, fahamuni kwamba Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ya jimbo lenu kwa kawaida hailipi nje ya jimbo isipokuwa kwa dharura, na ulizeni bima ya programu inagharimia nini.

Msikubali kijana mwenyewe awe mkalimani wa mazungumzo yanayomhusu. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani wa Kiswahili huweza kupatikana hata kwa simu.

Hofu ya kumwacha binti alale mbali na nyumbani ni ya haki, na dawa yake ni maswali ya moja kwa moja. Wasichana na wavulana hulala ghorofa moja au tofauti? Kuna msimamizi mmoja kwa wanafunzi wangapi, na je, rekodi zake za uhalifu zimechunguzwa? Saa ya mwisho ya kuwa bwenini ni ipi, na ni simu gani inayopokelewa usiku wa manane? Programu makini hujibu bila kukasirika. Yako pia mambo ya nyumbani yanayopaswa kupangwa kabla ya Juni, hasa pale ambapo mtoto huyo ndiye anayewaangalia wadogo zake wakati wazazi wako zamu ya usiku kiwandani.

Maisha ya bwenini

Mizigo isiwasumbue sana. Magodoro ya mabweni mengi ni marefu kuliko ya kawaida, kwa hiyo shuka ziwe za kipimo kinachoitwa Twin XL. Ongezeni taulo, kandambili za bafuni, na feni ndogo ikiwa bweni halina kiyoyozi. Anayekula halali aandike hivyo kwenye fomu, kisha amwone msimamizi wa bwalo siku ya kwanza. Ugali hatauona.

Siku tatu au nne za mwanzo ni ngumu kwa wengi, na simu ya machozi usiku wa pili haimaanishi kwamba kumetokea baya. Mzazi asikilize, ampigie msimamizi kuthibitisha kwamba kijana anakula na kuhudhuria, na asikimbilie kwenda kumchukua. Tofauti ni pale mtoto anapotaja kuguswa, kutishwa au kuumwa. Hapo msisubiri kesho.

Programu ikiisha, kijana amwombe mwalimu aliyemfahamu vizuri kama atakuwa tayari kumwandikia barua ya kuombea chuo, na afanye hivyo kabla ya kuondoka kampasini. Fomu ya pamoja ya maombi ya vyuo, Common App, hufunguliwa Agosti 1, na anayeingia darasa la 12 anaweza kuanza kuijaza wiki hiyo hiyo.