Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumlaumu Mtoa Huduma wa Intaneti kwa Onyo la net_ratelimit

Ukikuta katika logi (kumbukumbu za matukio) za seva ya Linux mstari usemao "net_ratelimit: 812 callbacks suppressed", usiguse kitu kwanza. Mstari huo hausemi kwamba intaneti yako imebanwa, wala kwamba seva imezuia shambulio. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inakuarifu kwamba sehemu yake ya mtandao ilikuwa na maonyo mengi mno ya kuandika, na ili logi isifurike, maonyo 812 hayakuandikwa. Kwa kawaida huruhusiwa maonyo 10 katika kila sekunde 5. Yanayozidi huhesabiwa tu.

Nakili logi kabla ya kuizima na kuiwasha seva. Linganisha saa pia: seva nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa 3, kwa hiyo mtumiaji akikwambia mtandao ulipotea saa mbili usiku, tafuta 17:00.

Kisha soma mistari iliyo juu ya onyo, na hapa nakusihi usifanye haraka. Desemba moja nilisimamia seva iliyokuwa lango la mtandao katika hoteli moja upande wa Bamburi, Mombasa, vyumba vyote vikiwa vimejaa. Wageni walilalamika kwamba simu zinashika waifai lakini hazifungui chochote. Nilipoona tu neno "ratelimit" nikakata shauri kwamba mtoa huduma ametupunguzia kasi. Nikamfokea fundi wao siku mbili mfululizo, nikamshawishi meneja alipie kasi zaidi, na hali ikabaki vile vile. Siku ya tatu ndipo nilipopandisha macho mistari michache, nikakuta kerneli imeandika kwamba jedwali la majirani limefurika. Humo ndimo seva huweka anwani za vifaa inavyozungumza navyo moja kwa moja, na kikomo chake cha kawaida ni 1024, ilhali sisi tulikuwa tumerundika simu za wageni, televisheni za vyumbani, kamera na kompyuta za ofisi katika mtandao mmoja usiogawanywa. Niliongeza gc_thresh3, ambacho ndicho kikomo hicho, pamoja na vikomo viwili vilivyo chini yake, na usiku ule ule simu zikafanya kazi. Fundi yule nilimpigia kumwomba radhi, kwa sababu kosa lilikuwa langu tangu mwanzo.

Kwako huenda mstari wa juu ukasema jingine: jedwali la kufuatilia miunganisho limejaa na pakiti (vipande vya data) zinatupwa, au bandari (port) fulani ya seva inashukiwa kufurikishwa maombi ya SYN, yaani maombi ya kuanzisha muunganisho. Kila moja lina dawa yake.

Usiondoe kikomo chenyewe cha maonyo kwa kuweka mpangilio wa kerneli uitwao net.core.message_cost kuwa 0, isipokuwa kwa dakika chache ukiwa umekaa mbele ya mashine, maana logi zinaweza kujaza diski yote. Andika thamani ya awali kabla ya kuibadilisha. Na usibadilishe kitu Ijumaa jioni, hasa msimu wa wageni.