Jinsi ya kutulia na manga ya fantasia bila kukimbilia mapigano

Yaani watu wengi wakishika manga ya fantasia, zile katuni za Kijapani za uchawi na majoka, wanasubiri joka tu, zile kurasa za watu wamewasha moto wanapika au wanashona nguo zilizochanika wanazipitia chapchap. Mi naona raha yenyewe imekaa hapo, na kama siku imekuchosha anzia hapo hapo.

Kwanza punguza spidi. Paneli, yaani kiboksi cha picha, ambayo haina neno hata moja usiiruke, tazama nani kakaa karibu na nani, nani bado kashika silaha, nani kashalala. Kwenye mapigano macho yanakimbia yenyewe na haina shida, ila kwenye kambi inabidi ujizuie.

Pili tafuta stori yenye nafasi hizo. Frieren, iliyoanza 2020, inafaa sana maana inaanza pale ambapo nyingine zinaishia, Mfalme wa Mapepo keshauawa, safari ya miaka 10 imeisha, watu wanarudi kuishi. Frieren mwenyewe ni mchawi, ana zaidi ya miaka 1,000 na anachopenda ni kukusanya uchawi mdogo mdogo, kama ule wa kuotesha maua uwanja mzima, na asubuhi haamki mpaka mwanafunzi wake Fern amwamshe. Kuna sehemu wanaenda kuangalia jua la mwaka mpya, yeye jua lenyewe wala halimshangazi, ila akimwona Fern anavyofurahi na yeye anafurahi. Hapo usifungue ukurasa unaofuata haraka jamani, kaa kidogo.

Ukitaka ya chakula kuna Dungeon Meshi (2014 hadi 2023). Dada yake Laios, kiongozi wa kundi, kamezwa na joka, wanakimbizana na muda kweli kweli wamwokoe, lakini bado wanakaa chini wanakula, na mpishi wao Senshi hakubali mtu ale hovyo. Mi nadhani ndo maana ile milo inatuliza hivyo, hatari iko nje ya mlango tu na mtu bado anakuuliza umeshiba?

Ukipata ukurasa uliokugusa upige skrinishoti, uweke kwenye folda yake, siku mbaya hautakuwa na nguvu ya kutafuta.

Na kama unasoma kabla ya kulala, usimalize chapta. Mwisho wa chapta mara nyingi unakuacha roho juu, utajikuta umefungua nyingine na nyingine mpaka usiku wa manane, bora ukomee katikati, wakiwa wanakula.