Somo: Kujenga kati ya mvua na mvua, na mahali pa kusimama pesa ikikata

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, wengi wetu hatujengi kwa mkupuo. Viazi vikiuzwa tunachimba msingi, mahindi yakitoka tunapandisha kozi za tofali, ada za watoto zikifika nyumba inasubiri. Hilo halina ubaya wowote. Ubaya ni pesa kukata mahali ambapo nyumba yenyewe haiwezi kusubiri, halafu Novemba ikaingia na masika yakaanza kula ulichojenga.

Nyumba ina vituo vitatu tu ambapo inaweza kulala masika bila kuumia. Cha kwanza, msingi umefukiwa na jamvi, yaani zege la sakafu, limemwagwa. Cha pili, mkanda, yaani boriti ya zege na nondo inayozunguka nyumba, umemwagwa juu ya kuta zilizojengwa kwa simenti. Cha tatu, bati liko juu. Katikati ya vituo hivyo unacheza na mvua. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, hesabu kama pesa uliyonayo inakufikisha kituo kinachofuata. Kama haifiki, nunua vifaa visivyooza uviweke, na usianze.

Kalenda yetu ni rahisi kuisoma: chimba Mei au Juni, kuta ziwe zimesimama Agosti, bati lipande kabla Oktoba haijaisha. Watu wa Rungwe na Kyela mvua yenu huchelewa kukatika, ninyi anzeni baadaye kidogo na mkimbie zaidi.

Hatua ya 1: Kiwanja

Nenda ukakitazame mwezi wa pili, mvua ikinyesha. Kiwanja kinachopendeza Septemba kinaweza kuwa njia ya maji Februari. Uliza majirani wazee maji hupita wapi. Na ukijenga chini ya mlima, tazama juu yako: Aprili 2024 matope yaliyoshuka kutoka mlimani yalifukia nyumba kule Itezi, hapa hapa Mbeya mjini. Mto nao una mipaka yake, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kingo zake.

Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na serikali ya mtaa haitoshi. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, hakikisha bikoni, yaani alama za mipaka, zipo zilipochorwa, kisha chukua kibali cha ujenzi halmashauri. Kibali kinachosha kukifuatilia, najua, lakini alama ya X ya kubomolewa kwenye ukuta inachosha zaidi.

Hatua ya 2: Msingi

Hapa ndipo ningependa kila mtu atumie pesa bila kubana. Ukuta mbaya unaweza kuubomoa, msingi mbaya utaishi nao.

Pembe zako zipimwe kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kutoka ncha hadi ncha zipatikane mita 5 kamili. Ikizidi au ikipungua, pembe haijakaa. Baadaye pima vyumba kona kwa kona, lazima kamba mbili zilingane. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja, na inakuokoa na vigae vinavyokatwa mshazari na kenchi (mbao zinazobeba paa) zisizokaa.

Chimba mpaka udongo mgumu usiowahi kuguswa. Usikubali kuambiwa "futi mbili zinatosha" na mtu ambaye hajaingia ndani ya mtaro kuupiga sururu. Maeneo ya udongo mwepesi wa majivu ya volkano, upande wa Uyole kuelekea Rungwe, huenda ukashuka zaidi ya ulivyopanga. Shuka tu.

Kosa kubwa la viwanja vyetu vya miteremko ni hili: mtu anakata upande wa juu, anamwaga udongo ule ule upande wa chini, anapata uwanja sawa, anajenga. Nusu ya nyumba imekaa kwenye ardhi ya Mungu, nusu imekaa kwenye udongo wa kumwaga. Masika ya kwanza au ya pili upande wa chini unashuka, na ufa unatokea katikati ya sebule, mshazari kutoka kona ya dirisha. Plasta haiuzibi ufa huo, utarudi. Dawa ni msingi wa ngazi: kila ngazi ikae kwenye udongo asilia, chini ya ngazi pawe sawa kwa pima maji, na upande wa juu wa nyumba uchimbe mfereji wa kukatiza maji yasigonge ukuta.

Ndani ya msingi jaza moramu (udongo wa changarawe) au mawe kwa tabaka za sentimita 15, mwagia maji, shindilia, ndipo uongeze nyingine. Wanaojaza yote siku moja na kushindilia juu juu ndio wanaolalamika jamvi limebonyea. Tandika nailoni nzito, halafu zege la sentimita 10. Na juu ya ukuta wa msingi, kabla ya kozi ya kwanza, weka karatasi ya kuzuia unyevu, iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje.

Hatua ya 3: Vifaa, kabla hujalipa

Mchanga: chukua chupa angavu ya maji ya lita moja na nusu, jaza mchanga hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache itulie saa chache. Mchanga unatua chini, tope linabaki tabaka juu yake. Tope likikaribia sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, lori hilo lirudi lilikotoka.

Tofali za kuchoma: ziokote mwenyewe kutoka pande zote za tanuru, maana za pembeni kwa kawaida hazijaiva. Zigonge mbili, iliyoiva inalia, mbichi inatoa sauti ya tope. Loweka chache usiku kucha. Ikimomonyoka kwenye ndoo, itamomonyoka ukutani.

Nondo: hapa watu wanaibiwa mchana kweupe. Nondo inaitwa mm 12 lakini ni nyembamba. Nondo halisi ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10 na nusu, ya mm 10 ni kama kilo 7.4. Funga kumi pamoja, zipandishe kwenye mizani ya mazao. Za mm 12 zikija kilo 85 badala ya mia na ushee, ondoka dukani.

Zege 1:2:4, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, kwa ndoo za lita 20: mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7, maji kama lita 25, yapunguze mchanga ukiwa umelowa. Mafundi hupenda zege la maji kwa sababu ni jepesi kumwaga, ila maji yakizidi nguvu inapungua. Udongo wa kujengea, yaani mchanganyiko wa simenti na mchanga, wa 1:6 ni mfuko mmoja kwa ndoo 10 na nusu za mchanga. Simama hapo wakati wa kupima. Usihesabu makoleo, koleo la asubuhi na koleo la saa tisa hayalingani.

Hatua ya 4: Kuta na mkanda

Lowesha tofali za kuchoma kabla ya kujenga, zikiwa kavu zinafyonza maji ya simenti na udongo unabaki vumbi.

Mkanda uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Tuko kwenye bonde la ufa. Mwaka 1910 ukanda wa Rukwa ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, na vitetemeko vidogo tunavisikia bado. Mkanda uwe na nondo nne za mm 12, na ringi za kuzifunga pamoja kila sentimita 20. Nondo zinapoungana zipandane sentimita 60. Sasa angalia kona. Mafundi wengi hukata nondo pale pale kwenye kona, ukuta huu unaishia na ule unaanza. Kataa. Nondo ipindwe, ipite kona, iende sentimita 60 ukuta wa pili. Na zisilalie tofali: weka vijitofali vya zege chini yake ili zege liingie pande zote.

Mwagilia maji siku 7 bila kuruka. Baridi ya Juni na Julai inachelewesha zege kukaza, na upepo wa Agosti unalikausha juu kabla halijakaza ndani. Funika kwa magunia yaliyolowa. Mirunda (nguzo za miti) iliyobeba boriti isitolewe kabla ya wiki tatu.

Kabla ya kumwaga mkanda, chomeka vipande vya nondo nyembamba vya kufungia kenchi. Ukisahau utabaki na misumari peke yake, na upepo wa mvua za kwanza hauheshimu misumari.

Hatua ya 5: Kupaua

Tuna bahati, msitu wa Sao Hill uko Mufindi na mbao zinatoka jirani. Ila mbao nyingi zinafika mbichi. Zipange kwa kuzitenganisha na vijiti, kivulini, zikauke, la sivyo kenchi zitajipinda juu ya dari yako. Nunua zilizotiwa dawa, na kila utakapokata paka dawa upya. Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo wa bati. Kipaa kitoke nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi, ukuta wa tofali za kuchoma utakushukuru.

Plasta, dari, rangi, hayo yanaweza kusubiri miaka. Hamia.

MASWALI YA WANACHAMA

Makambako: Shikamoo fundi. Boma langu lilifika usawa wa lenta, juu ya milango na madirisha, nikaishiwa. Tulijengea udongo wa kawaida, siyo simenti. Limenyeshewa masika mawili. Naweza kupaua au nibomoe?

Marahaba. Usibomoe kabla ya kukagua. Shusha timazi (kamba yenye uzito ya kupima wima) kila kona na katikati ya kila ukuta. Ukuta ulioinama zaidi ya sentimita 2 kutoka chini hadi juu usiubebeshe paa, huo ushushwe. Zilizosimama wima, chukua msumari wa inchi nne uchokoe kwenye viungo. Ukiingia kirahisi kozi za juu tu, toa kozi hizo tatu au nne, zijenge upya kwa simenti, kisha mkanda. Ukiingia kirahisi hadi chini, ukuta umeoshwa, ujenge upya. Ukishapaua piga plasta nje kwanza, kabla ya ndani, maana udongo ule hauvumilii mvua ya pembeni.

Iringa: Kamwene. Kiwanja changu ni jiwe tupu. Fundi anasema hakuna haja ya kuchimba. Ni kweli?

Kamwene. Ni kweli kama ni mwamba chini ya nyumba nzima. Safisha udongo wote, parua uso wa jiwe kwa tindo ushike, sawazisha kwa zege, jenga. Ila chunguza kwa sururu kila mita: ukikuta upande mmoja mwamba na mwingine udongo, upande wa udongo ushuke mpaka ugumu, na msingi wote ufungwe kwa mkanda wa nondo. Bila hivyo upande mmoja utashuka na mwingine hautashuka.

Dar es Salaam: Dada, namjengea mama Rujewa. Udongo ni mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia.

Kaka, huo ni udongo wa mbuga, unavimba masika na kusinyaa kiangazi, na unanyanyua nyumba nzima. Hili usiliache kwa fundi wa kawaida, mlipe mhandisi aje achimbe shimo la majaribio na achore msingi. Kama tabaka jeusi ni fupi, litolewe lote chini ya nyumba na kujazwa moramu ya kushindilia. Kama ni refu, utahitaji msingi wenye nondo. Sakafu ya kuzunguka nyumba iwe pana, maji ya bati yapelekwe mbali, shimo la choo na miti mikubwa visikae karibu na ukuta. Na kama mama ana kipande kingine chenye udongo mwekundu, jenga huko.

Uyole: Mimi pia ni fundi. 1:6 ni kumtesa mteja. Nyumba zetu za 1:10 zimesimama.

Fundi mwenzangu, zimesimama kwa sababu ziko chini ya bati. Pitisha kucha kwenye kiungo kimoja uone kinachodondoka. Mteja akibanwa, apunguze chumba kimoja.

Tukuyu: Rangi inabanduka chini ya madirisha na ukuta una unga mweupe. Nimepaka mara kadhaa.

Mama, acha kupaka kwanza. Toka nje utazame: nadhani udongo wa bustani umepanda juu kuliko karatasi ya kuzuia unyevu, au sakafu ya nje inarudisha maji ukutani. Shusha udongo huo, weka mabomba ya kukinga maji ya bati, chimba mfereji. Kisha bandua plasta ya chini, acha ukuta ukauke kiangazi chote, piga plasta mpya. Rangi ije mwisho.

Mbalizi: Bati la geji 28 au 30?

28. Ni nene zaidi, na mvua ya mawe tunayo.

Njombe: Fundi anataka nusu ya pesa kabla ya kuanza. Nimpe?

Usimpe. Andikeni mkataba mbele ya mashahidi, malipo yafuate kazi: msingi ukiisha, jamvi likiisha, kozi za madirisha, mkanda, kupaua. Kila hatua bakiza kidogo hadi hatua inayofuata ianze. Mpe pesa ya chakula ya wiki na nauli, maana naye ana familia, na simenti inunue mwenyewe.